Nyama ya pofu mlangoni

Mwezi wa Shaaban unapoelekea ukingoni, barua za akina mama kwa safu hii huongezeka, na nyingi huwa zinauliza juu ya siku za Ramadhani iliyopita ambazo bado hazijalipwa. Safari hii imetufikia barua ya namna nyingine. Mama mmoja wa Maganzo, mji mdogo ulio kando ya barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, anaeleza kwamba kijana mwenye baiskeli alimpitishia mlangoni nyama kavu ndani ya kiroba, kwa bei iliyo chini ya nyama ya ng'ombe ya buchani. Alipouliza ni nyama gani, akaambiwa ni pofu, ng'ombe wa porini, halali tupu. Mwanawe wa darasa la tatu aliposikia jina hilo akauliza kama mnyama huyo haoni.

Mama hakununua siku ile. Kijana akaahidi kurudi kabla ya mwezi kuandama. Basi anatuuliza mambo mawili: je, nyama ya pofu ni halali? Na je, ni mnyama gani hasa, maana yeye amezaliwa Mwadui, amevuka miaka arobaini, na hajapata kumwona hata mara moja?

Tunaomba atuwie radhi tukianza na swali la pili. Hukumu ya nyama hii haiwezi kueleweka vizuri na mtu asiyemjua mwenye nyama.

Pofu, ambaye wengine humwita mbunju, anaona sawasawa, na pengine anaona mbali kuliko tungependa. Ni miongoni mwa wanyama wa mbugani wanaomkimbia binadamu mapema kuliko wote. Akimwona mtu kwa mbali, wakati pundamilia bado wanakula majani bila wasiwasi, yeye ameshageuza mgongo. Kwa umbo tunaweza kumfananisha na ng'ombe aliyepewa shingo nene, miguu mirefu na pembe zilizosokotwa kama kamba. Dume lililokomaa huwa na kimo cha mita moja na nusu na zaidi begani, na uzito wa kilo 500 hadi 900. Dume la ng'ombe wetu wa asili, yule mwenye nundu anayejaza minada ya Usukumani, mara nyingi halifikii nusu ya dume kubwa la pofu. Majike ni wadogo zaidi, nao pia wana pembe, nyembamba na aghalabu ndefu kuliko za madume. Rangi yake ni ya hudhurungi iliyopauka, na ubavuni ana mistari myembamba meupe, kana kwamba mtu amepitisha kidole chenye chokaa. Dume likizeeka hugeuka kijivu chenye kuelekea buluu, likaota shungi la nywele nyeusi pajini, na ngozi iliyolegea chini ya koo ikaning'inia hadi kukaribia magoti.

Yule kijana wa baiskeli alisema jambo la kweli kuliko alivyodhani. Kwa macho tunamweka pofu pamoja na swala, lakini wataalamu wa wanyama wanamhesabu katika ukoo mmoja na ng'ombe na nyati, pamoja na tandala na pongo. Nyumbu na kongoni, wanaofanana na ng'ombe kwa sura, wako mbali zaidi naye kwa nasaba. Mimba yake huchukua kiasi cha miezi tisa, kama ya ng'ombe, na huzaa ndama mmoja. Ndama hufichwa majanini siku za mwanzo, kisha hujiunga na ndama wenzake. Hao hukaa pamoja wakirambana na kusuguana, na mapenzi yao baina yao huwa makubwa kiasi kwamba mama akiondoka kwenda malishoni, ndama hubaki na wenzake. Fisi au chui akiwakaribia, majike huungana kumfukuza. Maziwa ya pofu ni mazito, mafuta yake ni zaidi ya mara mbili ya yale ya ng'ombe. Huko Askania Nova, nchini Ukraine, pofu walipelekwa mwaka 1892 na kufugwa katika nyika yenye theluji, na kwa miongo mingi majike wamekuwa wakikamuliwa. Kenya nayo ilijaribu kufuga pofu na choroa katika ranchi ya Galana, miaka ya 1970.

Hata hivyo, mfugaji anayemfikiria ajue kwamba uzio wa kawaida kwake si kitu. Mnyama huyu mzito, ambaye akikimbia huchoka upesi, huruka kikwazo cha mita mbili kutoka pale aliposimama, na vijana wake huruka hata zaidi.

Kinachotushangaza zaidi ni namna alivyoumbwa kwa ajili ya ukame. Ng'ombe anakula nyasi na anataka maji. Mchungaji wa Kishapu anajua ni saa ngapi za kutembea kati ya malisho na lambo mwezi wa Septemba. Pofu hula nyasi wakati wa masika zikiwa changa, lakini kiangazi huhamia kwenye majani ya vichaka na migunga, na matawi ya juu huyavunja kwa kuyakamata kati ya pembe zake na kuyasokota. Majani hayo yana unyevu, na mengi ya maji anayoyahitaji huyapata humo. Akiyakuta maji hunywa. Akiyakosa hustahimili siku nyingi. Kisha kuna siri nyingine iliyo ndani ya mwili wake. Sisi jua likitupiga tunatoka jasho, na jasho ni maji yanayopotea. Pofu anapobanwa na ukosefu wa maji, huacha joto la mwili lipande kwa nyuzi kadhaa mchana kutwa, akalihifadhi kama mtu anavyobeba mzigo, kisha usiku hewa ikipoa akalitua bila kutumia jasho. Kwa binadamu kupanda kwa namna hiyo ni homa ya kumlaza wodini. Subhana-llah.

Na kuna sauti. Dume la pofu likitembea, magoti yake ya mbele hulia: tak, tak, tak, mlio mkavu unaosikika hata kwa mamia ya mita pale panapokuwa kimya. Watafiti waliofanya kazi nchini Kenya walichapisha mwaka 2008 matokeo yao, wakaeleza kwamba mlio huo huwa mzito zaidi kadiri dume linavyokuwa kubwa, na kwamba madume wengine huutumia kupima nguvu za mwenye kuja kabla hawajamwona. Wanasema huenda unatokana na mshipa unaoteleza juu ya mfupa na kurudi, kama uzi wa gambusi ukivutwa na kuachiwa. Hivyo vita vingi humalizika kabla ya kuanza, kwa kuwa aliye mdogo amesikia na kupisha njia.

Kwa nini basi mama aliyezaliwa Mwadui hajawahi kuusikia mlio huo?

Nchi hii ilikuwa ya pofu. Si lazima tumwulize mzee. Mbuga yenyewe inaeleza, tambarare ya udongo mweusi yenye migunga, kuanzia Kishapu hadi bonde la Manonga na Wembere, ndiyo aina ya nchi anayoipenda. Kusini mashariki zaidi, kwenye miamba ya Kondoa iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, watu wa kale walimchora pamoja na twiga kwa rangi nyekundu. Pigo kubwa la kwanza tunalolijua lilikuja miaka ya 1890, nalo halikubagua wa zizini na wa porini. Sotoka, maradhi yaliyoingia barani kutoka kaskazini, iliua ng'ombe wa Afrika Mashariki kwa wingi usiopata kuonekana, na iliua nyati na pofu vilevile, kwa sababu ya ule undugu wa damu tulioutaja. Ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na wafugaji wengi wa leo hawalijui hata jina lake.

Watu na ng'ombe walipopungua, vichaka vilisonga mbele, na pamoja na vichaka akaja mbung'o, inzi anayebeba malale kwa watu na nagana kwa mifugo. Serikali ya kikoloni ikaweka Shinyanga makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, mtu aliyeipenda kazi yake hadi akafa nayo katika ajali ya ndege mwaka 1938. Watemi wakawaita watu wao kufyeka miti, maeneo kwa maeneo. Majani yakachomwa. Na mwishoni mwa miaka ya 1940, hapo hapo Shinyanga, likafanywa jaribio ambalo ripoti yake ilitoka mwaka 1952: wanyamapori wa eneo kubwa waliwindwa mfululizo kwa miaka kadhaa, wakauawa kwa maelfu, ili ionekane kama mbung'o atakufa njaa akikosa damu. Mbung'o kweli walipungua sana.

Hatusemi kwamba waliofanya hivyo walikuwa wabaya. Malale yaliua watu, na ng'ombe wa Msukuma ndiye shamba, mahari na benki yake. Lakini katika miaka ya 1950 wataalamu walipoanza kuipima damu iliyomo tumboni mwa mbung'o, waligundua kwamba inzi huyo hachagui ovyo: anampenda ngiri kuliko wengine, na wako wanyama kama nyumbu na pundamilia ambao karibu hawagusi. Elimu hiyo ilifika baada ya risasi.

Wala bunduki za utafiti peke yake hazikummaliza pofu. Vichaka vilipofyekwa, alinyang'anywa sahani yake ya kiangazi. Palipokuwa na migunga pakawa na pamba na malisho. Mwaka 1940 John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui, na mgodi ukaleta barabara, uzio na watu wengi. Mifugo ikaongezeka, miti ikazidi kupungua, hadi watu wakaanza kuiita Shinyanga jangwa. Ndipo mwaka 1986 ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliowahimiza wananchi kurudia ngitili, desturi ya kale ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa masika ili iliwe kiangazi. Maelfu kwa maelfu ya hekta yakafungwa, miti ikachipua yenyewe kutoka kwenye visiki. Ndege wamerudi katika ngitili hizo, na wanyama wadogo pia. Pofu hajarudi, kwani anahitaji nchi pana kuliko ngitili ya kijiji. Leo mtu wa Mwadui akimtaka hana budi kwenda mashariki, katika pori la akiba la Maswa na Serengeti, au magharibi upande wa mapori ya Kigosi na Moyowosi.

Kwa hiyo nyama iliyokuja kwa baiskeli hadi Maganzo, kama ni ya pofu kweli, haikutoka jirani. Tuseme sasa juu ya hukumu yake.

Kwa asili yake pofu ni halali, na hatujui mwanachuoni anayempinga mwenye kumla ng'ombe wa mwituni aliyewindwa au kuchinjwa kisheria. Sharia imemtambua mnyama wa aina hii kwa heshima. Katika Sura al-Maida, aya ya 95, Allah (SWT) amemkataza aliye katika ihramu kuua mawindo, na atakayeua kwa makusudi amewekewa malipo ya mnyama wa kufugwa anayelingana na yule aliyemuua, wakihukumu juu yake watu wawili waadilifu. Imepokewa kutoka kwa Masahaba na wanachuoni waliowafuata kwamba aliyeua mbuni atatoa ngamia, na aliyeua ng'ombe wa mwituni atatoa ng'ombe. Pofu mmoja, ng'ombe mmoja. Lakini mlinganisho huo una mpaka, na hili tunaliandika kwa sababu tumewahi kuulizwa: pofu, hata akizaliwa zizini, hatoshi kwa kuchinjwa siku ya Idi kwa kauli ya wanachuoni walio wengi. Kichinjwa cha Idi ni ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Uhalali wa mnyama, hata hivyo, ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni namna alivyokufa. Wawindaji haramu wa mapori yetu hutumia sana mitego ya nyaya, kitanzi cha waya wa chuma kinachofungwa mtini kwenye njia ya wanyama. Mnyama anatia shingo, anavuta, waya unakaza. Mtegaji huenda akarudi baada ya siku moja, huenda baada ya tatu. Aya ya 3 ya sura hiyo hiyo inataja kwa jina mnyama aliyenyongeka, na kumweka pamoja na mzoga na damu na nyama ya nguruwe, isipokuwa yule atakayewahiwa akiwa hai akachinjwa. Nyama ikishakatwa vipande na kukaushwa kwa moshi, haionyeshi tena kama shingo ilikutana na kisu au na waya.

Tunajua jibu ambalo baadhi ya wasomaji watalitoa. Imo katika Sahih al-Bukhari hadithi ya Bi Aisha (RA), ya watu waliomweleza Mtume (SAW) kwamba wanaletewa nyama wasiyojua kama ilitajiwa jina la Allah, naye akawaambia walitaje wao wenyewe na wale. Hadithi hiyo ni sahihi, nayo ni rehema kwa wenye wasiwasi uliopita kiasi. Lakini ilihusu nyama za watu walioingia Uislamu karibuni, waliochinja. Shaka ilikuwa juu ya tamko. Hapa shaka iko juu ya kuchinjwa kwenyewe, na muuzaji ana kila sababu ya kutosema kweli.

Tunamkumbusha pia mama yetu kisa cha Abu Qatada (RA) katika safari ya Hudaibiya. Yeye hakuwa katika ihramu, wenzake walikuwamo. Alimwinda punda wa mwituni, wenzake wakala, kisha wakaingiwa na shaka, wakampelekea Mtume (SAW) habari hiyo. Kabla ya kuwaruhusu kula kilichobaki, aliwauliza kama yuko yeyote kati yao aliyemwamuru mwindaji au kumwonyesha mnyama. Hakuuliza juu ya punda. Aliuliza juu ya mikono iliyoshiriki. Sisi tunaona kwamba mwenye kununua kiroba kile naye ana mkono, maana kijana wa baiskeli hurudi kule anakonunuliwa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamwona hivyo hivyo: kukutwa na nyamapori bila kibali ni kosa la mwenye jiko sawa na la mwenye mtego, na kuna familia zilizofuturu mwezi mzima baba akiwa mahabusu. Tangu kanuni za mwaka 2020, zipo bucha za nyamapori zenye leseni. Anayetamani nyama hiyo aende huko, na huko nako aulize nani alichinja, kwa kuwa leseni ni karatasi ya serikali na haielezi habari za kisu.

Wasomaji wetu walioko Omani watakumbuka kwamba Waarabu waliposema ng'ombe wa mwituni, mara nyingi walimkusudia choroa mweupe wa jangwani. Mnyama huyo aliuawa na wawindaji wa magari hadi wa mwisho porini akaanguka mwaka 1972, katika uwanda wa Jiddat al-Harasis. Mwaka 1982 choroa waliolelewa ng'ambo waliachiwa hapo hapo, na Waharasis, mabedui wa uwanda huo, ndio waliopewa kazi ya kuwalinda. Walizaliana vizuri. Kisha, miaka ya 1990, wakaanza tena kuibwa na kuuzwa wakiwa hai, idadi ikashuka vibaya, na mwaka 2007 hifadhi hiyo ikafutwa katika orodha ya urithi wa dunia. Huo ndio muda ambao mnyama hupata kati ya kurudishwa na kupotezwa: miaka ishirini na mitano, umri wa kijana anayetafuta mke.

Jibu letu kwa mama wa Maganzo, basi, ni kwamba asinunue, na kijana akirudi amwambie sababu zote mbili, ya waya na ya sheria, kwa upole, maana yawezekana naye anauza asichokijua. Kama kuna tayari jirani aliyenunua kwa kutojua na akala, hana dhambi ya jambo asilolijua, kilichobaki asikipike. Wallahu a'lam.

Na kwa yule mtoto wa darasa la tatu: mnyama huyu haitwi pofu kwa kukosa macho. Ikiwa wazazi wake watajaaliwa likizo moja kupita Bariadi hadi Lamadi, hapo jirani liko lango la Ndabaka, la kuingilia Serengeti upande wa magharibi. Waingie asubuhi mapema. Wakiona kwa mbali kundi la rangi ya hudhurungi linaloanza kuondoka kabla ya wanyama wengine kuinua vichwa, wasimfukuze dereva alisogelee. Wazime gari, wateremshe vioo, wanyamaze, na mtoto asikilize magoti.